Pipa la Kereng'ende

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mdudu. Msicheke. Bwana wetu aliwaambia watu wawatazame ndege na maua. Nasi tukaao Kawangware, tusio na shamba, twamtazama kereng'ende.

Hatusemi yule mkubwa atuaye huku mabawa ameyatandaza. Twasema juu ya ndugu yake mdogo, mwembamba kama sindano, ambaye akitua huyakunja mabawa juu ya mgongo. Yuko mmoja aonekanaye sana hapa Nairobi: dume lake ni jeusi kwa juu, na karibu na ncha ya mkia lina kipande cha buluu kama kibiriti kilichowashwa.

Mdudu huyu huzaliwa majini. Jike hutoboa shina la mmea wa majini na kutia mayai humo. Mtoto wake huishi chini ya maji miezi miwili mitatu, au zaidi, akipumua kwa vijani vitatu vilivyo mkiani, na chakula chake kimojawapo ni watoto wa mbu. Kwa hiyo mahali penye maji machafu mno hapamfai. Wazee wa Kibera hukumbuka mashua za tanga katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Kwa miaka mingi sasa bwawa lile limesongwa na tope, taka na magugumaji.

Labda utauliza, basi kereng'ende huletwaje nyumbani? Haletwi. Humwekei mtego wala chambo. Wewe tayarisha maji, naye atayaona kutoka juu.

Sisi tulikata pipa la plastiki nusu, tukalifukia kidogo ardhini karibu na magunia yetu ya sukuma wiki, mahali papatapo jua. (Bustani za magunia mnazijua, zilienea sana Kibera tangu mwaka 2008.) Tulitia changarawe na matete machache yanayosimama juu ya maji, maana mtoto wa kereng'ende akikomaa hupanda shina ili ajivue gamba. Samaki hatukutia, kwa kuwa huwala. Maji ya sabuni, mafuta ya taa na dawa ya wadudu havikaribii pale. Juu tuliweka wavu wa waya wenye matundu mapana, kwa ajili ya watoto wadogo. Mtoto huzama hata katika maji ya kufika goti. Na maji yalikuwa ya mvua kutoka kwenye mabati. Jirani anaponunua maji kwa mtungi, si haki kumwagia wadudu maji ya bomba.

Lakini jambo moja hatukulifikiri. Mbu hukomaa kwa siku kumi hivi. Kereng'ende wetu alikuwa bado hajafika, na mbu walikwisha kufika. Jioni moja mama wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe alikuwa na homa, alibisha hodi akiwa na chupa ya mafuta ya taa mkononi.

"Mchungaji," akasema, "mnatufugia mbu?"

Tulitaka kumweleza habari za vijani vitatu. Twashukuru kwamba tulinyamaza. Kama homa ile ilitoka kwetu au haikutoka, hatukuweza kujua. Lakini viluwiluwi vilikuwa vyetu, vikicheza mbele ya macho yake. Tukamwomba radhi, tukamwambia akitaka pipa liondoke, litaondoka usiku ule ule.

Akafikiri. Akauliza kama lichujwe kwanza. Basi tukatoa chujio la chai, tukapatana: Jumanne achuje yeye, Ijumaa tuchuje sisi, na vyandarua vibaki vitandani kote kuwili. Hata leo vingalipo, kwa maana kereng'ende hawamalizi mbu wa mtaa mzima.

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa mvua za vuli. Mwezi wa Novemba alikuja wa kwanza, mwenye buluu mkiani, akakaa juu ya tete kana kwamba amelilipia kodi. Januari, mtoto yule yule aliyekuwa na homa alipiga kelele kwamba kwenye chujio mna mdudu mwenye mikia mitatu. Tukamrudisha majini. Tangu hapo mtoto huyo ndiye mkaguzi, wala hakubali chujio limwagwe kabla hajalitazama.

Asubuhi moja ya Februari aliita watu wote wa ploti. Juu ya tete moja palikuwa na magamba matano makavu, matupu, yamepasuka mgongoni. Mama yake akaja na kanga begani, akachungulia, asiseme neno.

Ilikuwa Ijumaa, zamu yetu. Tulipokwenda na chujio jioni, tulikuta amekwisha kuchuja.