Kabla Mzee Hajaanguka

 

Leo sizungumzi juu ya mtoto. Najua wengi wenu mkono mmoja mnashika mtoto na mkono wa pili mnamshika mzee: baba, mama, mavyaa au bavyaa aliyekuja kukaa nanyi. Nataka tuzungumze juu ya mzee huyo, hasa yule ambaye daktari amesema ana ugonjwa wa Parkinson. Bado anatembea mwenyewe. Bado anakwenda msikitini au kanisani mwenyewe. Nyumbani mnaambiana, "Ah, ni mkono tu unaotetemeka."

Sio mkono tu, mama. Ugonjwa huu unagusa mwendo wote wa mwili, na miguu ni sehemu ya mwendo huo. Ninalotaka ulishike leo ni hili: kazi ya kuzuia kuanguka inaanza sasa, wakati bado anatembea vizuri. Usingoje aanguke kwanza.

Jina la ugonjwa huu linatokana na daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza katika kijitabu mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na kemikali hiyo ndiyo inayosaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kukwama. Seli hizo zinapokufa polepole, mwili unakuwa mzito. Mkono unatetemeka hata ukiwa umepumzika juu ya paja. Mkono mmoja hauchezi wakati wa kutembea. Hatua zinakuwa fupi, sauti inafifia, na mara nyingine mtu haisikii tena harufu ya udi wala ya mchuzi uliopo jikoni. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si jini, na wala hakuna jirani aliyemroga.

Nayasema haya ya kurogwa kwa sababu yanawachelewesha watu. Katika wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Walikuta watu 33 wenye ugonjwa huu, na wengi wao hawakuwa wameambiwa hata siku moja kwamba wanao. Walikuwa wakiishi nao tu, wakidhani ni uzee.

Sasa turudi kwenye kuanguka. Mwaka 2007 watafiti waliweka pamoja tafiti 6 juu ya wagonjwa wa Parkinson. Hata wale ambao mwaka uliotangulia hawakuwa wameanguka, 21 kati ya kila 100 walianguka ndani ya miezi 3. Ni kama mmoja katika kila watano. Kwa hiyo ukiniambia, "Wetu hajawahi kuanguka," nitafurahi, lakini sitakuambia ukae kitako.

Kwa nini waanguke? Wewe ukijikwaa kwenye kizingiti, mguu wako unaruka mbele wenyewe kukuokoa, hata kabla hujafikiri. Kwa mgonjwa huyu ule mguu wa kuokoa unachelewa. Tena anatembea ameinama, nyayo zinaburura, na anapogeuka ghafla kiwiliwili kinatangulia na miguu inabaki nyuma. Wengine miguu inaganda kabisa, kama imepigwa misumari, hasa mlangoni au mahali pembamba.

Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui, nalo ni presha kushuka mtu anaposimama. Mzee amelala, anainuka haraka kwenda haja, damu haijafika kichwani, macho yanaona giza, na hapo ndipo anapoanguka. Likizidi na dawa za presha anazotumia, hatari inakuwa kubwa zaidi. Usimkatize dawa hizo kwa uamuzi wako. Ukienda kliniki, mwombe muuguzi ampime presha akiwa amelala, halafu ampime tena akiwa amesimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari anapaswa kujua. Nyumbani, mfundishe kukaa kwanza kwenye ukingo wa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu hadi 30, ndipo asimame. Na anywe maji ya kutosha, maana joto letu la hapa Pwani linakausha mwili.

Sasa nakuomba ufanye kazi moja usiku wa leo. Watu wakishalala, simama kando ya kitanda cha mzee, kisha tembea njia yake mpaka chooni. Nenda polepole, nyayo zikiburura kama zake. Utaona vitu ambavyo mchana huvioni. Utakuta mkeka uliokunjika pembe, waya wa runinga, mtungi wa maji katikati ya ujia, ndara za watoto zimetapakaa mlangoni. Utakuta kizingiti ambacho ninyi mmekizoea. Ondoa vinavyoondoka. Kizingiti kipake rangi nyeupe au bandika utepe unaoonekana. Weka taa ndogo, na tochi chini ya mto wake kwa ajili ya siku stima zinapopotea. Kama choo kiko nje, basi usiku mwekee ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda. Najua wazee wengine wanaona aibu. Mwambie kwa adabu, mkiwa wawili, si mbele ya wajukuu.

Chooni ndiko kwenye hatari zaidi. Sakafu ya simiti yenye maji na sabuni inateleza, na kuchutama kisha kuinuka ni kazi nzito kwa miguu hii. Kama choo ni cha kuchutama, fundi anaweza kukutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, kizito, kisichoyumba. Ukutani afunge chuma imara cha kushikia. Msimfungie bomba la taulo mkadhani yatosha, litang'oka naye. Wakati wa kuoga, aoge ameketi.

Mavazi nayo. Dera linaloburura, leso iliyofungwa ikaning'inia, kikoi kirefu, kanzu inayogusa chini, vyote hivi vinanasa mguu. Punguza urefu, ndiyo kazi ya fundi cherehani wa jirani. Ndara za kuchomeka kidole zinamtoka mguuni bila yeye kujua. Mtafutie kiatu chepesi kinachoshika kisigino, chenye soli isiyoteleza, lakini pia isiyo nzito ya kukwama sakafuni.

Kwa Waislamu, angalia udhu. Mtu amesimama kwa mguu mmoja penye maji, ameinua wa pili aupeleke kwenye mfereji: hata kijana hapo anayumba. Mwekee kiti na kopo, atawadhe ameketi. Na kama kusujudu na kuinuka kunamsumbua, dini imempa mgonjwa nafasi ya kusali kwenye kiti. Kwa Wakristo, akae mwisho wa benchi, ainuke akiwa ameshika benchi la mbele, na asikimbizane na wimbo.

Anapotembea, usimvute mkono. Ukimvuta mbele, kiwiliwili kinakuja na miguu inabaki. Tembea kando yake, hatua kwa hatua. Miguu ikiganda, usiseme, "Twende, twende!" Maneno hayo yanaizidisha kuganda. Mwambie asimame kabisa, avute pumzi, anyooshe mgongo, ayumbishe uzito kutoka mguu huu hadi ule, kisha apige hatua moja kubwa. Wengine wanasaidiwa kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Wengine unaweka mguu wako mbele ya wake, naye auruke. Kugeuka, ageuke kama tuktuk, kwa kuzunguka, asijipinde mahali pamoja. Na asipewe sinia la chai abebe kwa mikono yote miwili, wala usimuulize habari za mahari ya mjukuu wakati anavuka barabara ya Malindi. Ubongo wake sasa unahitaji kufanya jambo moja kwa wakati mmoja.

Dawa inayotumika sana ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Saa zake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa ameandikiwa saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, iwe ni saa hizo. Dawa ikichelewa, miguu ndiyo inayolipa. Kwa wengi inafanya kazi vizuri ikinywewa nusu saa hivi kabla ya chakula, kwa sababu samaki, nyama na maharagwe yanaweza kuizuia isiingie vizuri mwilini. Ikimletea kichefuchefu, ainywe na kipande cha mkate. Ukikaribia Ramadhani, mpeleke kwa daktari mapema, kabla ya mwezi kuandama, na mzungumze na imamu wenu. Kufunga huku akiruka dawa na maji ni njia ya kuanguka, na mgonjwa ana ruhusa.

Kuna dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Hiyo inaweza kuzidisha ugonjwa huu. Kila mnapokwenda dukani kununua dawa au hospitalini, taja kwanza kwamba mzee ana Parkinson. Na juu ya upupu, huu huu unaotuwasha mashambani: ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa ndani. Lakini ukizichemsha nyumbani hujui umempa kiasi gani, na akichanganya na vidonge vya hospitali presha inaweza kushuka akaanguka papo hapo. Usijaribu.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo penye matumaini zaidi. Mwaka 2015 ilitoka ripoti ya utafiti uliofanywa Sydney, Australia, kwa wagonjwa 231. Baadhi yao walifanya mazoezi ya nguvu za miguu na ya kusimama imara, dakika 40 hadi 60, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 6, mengi yakiwa ya nyumbani. Wale ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mwepesi, kuanguka kulipungua kwa zaidi ya nusu. Wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshaendelea hawakupata nafuu hiyo. Ndiyo maana nasema usingoje.

Omba barua ya kumpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa mfano katika hospitali kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara. Huku mkingoja, aanze na machache saa moja baada ya kunywa dawa, wewe ukiwa kando. Akae kwenye kiti kilichoegemea ukuta, ainuke na kuketi mara 10, bila kutumia mikono akiweza. Ashike dirisha, ainue visigino juu na chini. Atembee uani kwa hatua kubwa kupita kawaida, mikono ikicheza. Ufukweni Bamburi pia ni pazuri maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mgumu, asubuhi kabla ya jua kali, lakini asiende peke yake, na asipite kwenye mchanga laini.

Naona wengine mnawaza kumfungia tu ndani, akae kitini, awe salama. Mimi sikubaliani na jambo hilo hata kidogo. Miguu isiyotumika inadhoofika, na siku atakayoinuka mwenyewe, maana ataamka tu, ataanguka vibaya zaidi. Muhammad Ali, yule bingwa aliyempiga Foreman kule Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984 na akaishi hadi 2016. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Mzee wako bado ana safari ndefu, na safari inataka miguu.

Tena ukimtishia kumfungia, atakuficha. Wazee wengi wanaanguka wakanyamaza. Usimuulize, "Umeanguka?" kama polisi. Muulize, "Baba, wiki hii kuna mahali ulijikwaa, au ukashika ukuta?" Kujikwaa huko kuandike kwenye daftari: saa ngapi, wapi, alikuwa akifanya nini, alikunywa dawa saa ngapi.

Na akianguka, usimkimbilie kumnyanyua. Mwache alale kidogo, muulize panapouma. Akilalamika nyonga, au mguu mmoja ukaonekana mfupi umegeuka nje, usimsimamishe, tafuta gari la kumpeleka hospitali akiwa amelala. Amegonga kichwa kisha anasinzia, anatapika au anachanganyikiwa, vivyo hivyo, hata kama ni usiku. Hasa kama anatumia dawa za kuyeyusha damu. Kama hakuumia, ageuke ubavu, aende magoti, ashike kiti kizito, aweke mguu mmoja mbele, ainuke taratibu.

La mwisho. Kama ugonjwa umegunduliwa majuzi tu na tayari anaanguka mara kwa mara, hasa chali, usiseme ndivyo ulivyo. Kuanguka mapema namna hiyo kunaweza kuwa ni ugonjwa mwingine unaofanana na huu, au presha, au macho, au dawa fulani. Mrudishe kwa daktari wiki hii, na daftari lile uende nalo.