Tuijue Sheria Inayomlinda Mtoto Wetu Shuleni

Mazungumzo ya Mhazini Msaidizi kwa wanachama na wageni, mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Lushoto waishio Dar es Salaam

 

Mmezoea kuniona nikisimama hapa kusoma mapato na matumizi. Taarifa hiyo imo ndani ya kijitabu hiki, kila mtu aisome na aulize. Leo kamati imenipa kazi nyingine: niseme juu ya elimu ya watoto wetu wenye ulemavu, na kwa nini safari hii tunawaomba mchangie mafunzo ya wazazi, pamoja na saruji na mabati tuliyoyazoea.

Tulipokwenda nyumbani kukagua madarasa tuliyoezeka, katika kata moja ya juu milimani tulimkuta mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Miguu haimbebi na maneno yanamtoka kwa shida, lakini akili yake iko timamu. Anakaa kwenye genge la bibi yake na chenji hakosei. Darasa la kwanza alisoma, kwa sababu mama yake alimbeba mgongoni kila asubuhi. Darasa la pili alikuwa amekuwa mzito, na njia zetu mnazijua, hasa mvua zikinyesha. Alianza kuchelewa, kisha kukosa siku. Shuleni mama akaambiwa amrudishe nyumbani, asubiri nafasi katika shule maalumu. Anasubiri, na huu ni mwaka wa pili.

Nilimuuliza, "Mama, walikuandikia barua?" Akanijibu, "Barua ya nini, baba? Mwalimu ndiye kasema."

Ndugu zangu, mimi ni mhasibu. Katika kazi yetu mkaguzi akija hatuulizi tulisema nini. Anauliza karatasi iko wapi. Mtoto yule ametolewa shuleni bila karatasi hata moja, na hakuna ofisi inayoweza kuulizwa, kwa sababu katika maandishi jambo hilo halijatokea.

Sasa tuangalie sheria inasemaje.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ina kifungu cha 27 kinachohusu elimu. Kinasema watu wenye ulemavu, wa umri wowote na jinsia yoyote, wana haki ya elimu na mafunzo katika mazingira jumuishi sawa na raia wengine. Kinasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokelewa shuleni, iwe ya serikali au ya binafsi. Kinasema apewe huduma saidizi anazohitaji, kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Tena kinasema asome shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu.

Hapo pa mwisho pazingatieni. Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto mwenye ulemavu mahali pake ni shule maalumu, na shule ya kawaida ikimpokea imemfanyia hisani. Sheria imepanga kinyume chake. Inaanzia shule ya kawaida, na anayetaka mtoto aondoke hapo ndiye mwenye kazi ya kueleza sababu. Sisemi hivi kuzidharau shule maalumu. Kwetu tunayo Irente ya wasioona, na wazee mnajua imelea watu wangapi. Kwa mtoto kiziwi, kusoma penye lugha ya alama ndiko kusoma kwenyewe. Lakini mtoto yule wa milimani anasikia, anaona na anaelewa. Kinachomzuia ni njia ya mlimani na ngazi tatu za mlango wa darasa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 8 kinampa mtoto mwenye ulemavu haki ya uangalizi maalumu na nafasi sawa ya elimu na mafunzo, ila kimeongeza maneno "pale inapowezekana". Mzazi ayajue maneno hayo kabla hajaingia ofisini, maana ndiyo atakayojibiwa. Akiambiwa haiwezekani, aombe aelezwe kwa maandishi ni kitu gani hakiwezekani, na kimejaribiwa lini. Sheria hiyo hiyo imeipa halmashauri wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Juu ya hayo, mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu jumuishi.

Mtu atasema, sheria zipo, fedha hazipo. Nami nakaa na vitabu vya fedha kila siku, najua uzito wa jibu hilo. Tujifunze kwa wenzetu wa Marekani. Miaka ya 1970 mwanzoni, watoto wenye ulemavu wapatao milioni 1 huko walikuwa nje ya shule za umma kabisa. Wazazi wa Pennsylvania waliungana katika chama chao wakaenda mahakamani mwaka 1971. Wengine wakafungua kesi ya Mills katika jiji la Washington. Wakuu wa shule za jiji wakajitetea kwamba hawana fedha. Mwaka 1972 mahakama ikaamua kwamba kama fedha hazitoshi, basi zigawanywe kwa haki asiwepo mtoto anayefungiwa nje kabisa. Upungufu usimwelemee mtoto mwenye ulemavu kuliko wenzake. Miaka mitatu baadaye, mwezi Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu. Mpaka leo, chini ya sheria hiyo, shule hukaa na mzazi na kuandika mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, na mzazi asiporidhika anayo njia ya kukata rufaa.

Sisi si Marekani, na sheria yetu haina kila kilichomo katika yao. Lakini hoja ya fedha tunaweza kuichukua ilivyo. Bajeti ikiwa ndogo, isianze kupunguzwa kwa mtoto asiyeweza kulalamika.

Nitasema kidogo la nyumbani kwangu, kwa sababu nisingesoma vifungu hivi kama havikunihusu. Binti yangu ana uoni hafifu. Katika shule moja hapa jijini, ambayo sitaitaja, tuliambiwa ni mvivu wa kuandika, kisha tukashauriwa tumtafutie pengine. Mke wangu na mimi tulisoma kifungu cha 27 jioni mbili mezani. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Tuliomba mambo matatu: akae mbele karibu na ubao, karatasi zake za majaribio zikuzwe, na aongezewe muda. Tuliambatanisha cheti cha daktari wa macho. Hatukumtukana mtu wala kutishia kesi. Baada ya wiki mbili tuliitwa, na mwalimu wa darasa akatuambia kwamba hakuwahi kuambiwa mtoto ana tatizo la macho. Karatasi zinakuzwa kwenye mashine ya fotokopi. Binti sasa yuko darasa la sita. Na katika mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani huandaa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na nukta nundu kwa wasioona, kwa sharti kwamba shule imetoa taarifa mapema kuwa mtahiniwa huyo yupo.

Kwa hiyo mafunzo tunayotaka kuwapa wazazi kule nyumbani ni ya vitendo. Ni haya:

Kwanza, mzazi aombe mtoto apimwe, na aombe kwa barua. Barua iende kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Katika halmashauri yupo afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Mzazi amjue kwa jina.

Pili, aandike mahitaji ya mtoto, asiandike jina la ugonjwa peke yake. "Ana mtindio wa ubongo" haimsaidii mwalimu. "Anahitaji meza yenye nafasi ya kiti mwendo, na ajibu kwa mdomo pale mkono unaposhindwa kuandika" inamsaidia.

Tatu, kila barua iwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Akijibiwa kwa mdomo, aende nyumbani akaandike: nani kasema nini, siku gani. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe au jirani.

Nne, ajue ngazi. Akikwama kwa mwalimu mkuu, aende kamati ya shule, kisha kata, kisha halmashauri. Sheria ya mwaka 2010 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mkoa hadi kijiji na mtaa. Kijiji chake kama hakina kamati hiyo, hilo lenyewe ni swali la kuuliza kwenye mkutano wa kijiji. Afisa Ustawi wa Jamii yupo. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na asiye na uwezo husaidiwa bure. Ikishindikana huko kote, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko.

Tano, asiende peke yake. Mzazi mmoja ni mlalamikaji. Wazazi kumi wa kata moja, wenye barua zinazofanana, ni ajenda ya kikao.

Naomba tusiwafanye walimu kuwa maadui. Wengi wana madarasa yaliyofurika na hawakufundishwa elimu maalumu. Mwalimu mkuu akiwa na barua ya mzazi mkononi naye anapata cha kupeleka wilayani kuomba mwalimu, kiti mwendo au njia ya mteremko mlangoni. Mara nyingi ombi la shule halina uzito kwa sababu hakuna takwimu ya watoto wenyewe.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo kazi yangu. Tunataka kuanza na kata 6, wazazi 10 kila kata, vikao 3 kila kata; jumla vikao 18. Kila kikao ni shilingi 180,000: nauli za wazazi 60,000, mwezeshaji 70,000, chai na chakula 50,000. Hiyo ni shilingi 3,240,000. Makabrasha 60 yenye vifungu vya sheria kwa Kiswahili chepesi na mifano ya barua, kwa 8,000 kila moja, ni 480,000. Nauli za kuwapeleka watoto 20 na wazazi wao kwenye upimaji, kwa 60,000 kila mtoto, ni 1,200,000. Jumla yote ni shilingi 4,920,000. Ni sehemu ndogo ya gharama ya darasa moja, na watoto watakaonufaika wengine madarasa tayari wanayo, tuliyajenga sisi wenyewe. Kilichobaki ni waingie.

Wanasheria wetu mliomo humu, tunawaomba wikiendi moja tu ya kusoma makabrasha hayo kabla hayajachapwa. Walimu wastaafu mlioko nyumbani, tunawaomba muwe wawezeshaji. Wengine tuliobaki tutoe fedha. Aliye na laki atoe laki, aliye na elfu nane amnunulie mzazi mmoja kabrasha. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho, na kila atakayetoa atapewa risiti. Mwakani nikisimama hapa nitawasomea mambo mawili: fedha zilivyotumika, na idadi ya watoto waliorudi darasani, kata kwa kata.