Kuuliza Kabla ya Kuadhibu

Hotuba iliyosomwa na Kamati ya Elimu katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka 10



Tunatoa shukrani nyingi kwa kupewa nafasi ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, mizani na mashine ya kukoboa kahawa, na kila mtu ameviona vitu hivyo kwa macho yake. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo lisiloonekana upesi kwa macho, nalo ni uchunguzi wa mambo ya jamii. Yaani kazi ya kuuliza, kusikiliza, kuhesabu na kuandika jinsi watu wanavyoishi, na kwa nini wanatenda kama wanavyotenda. Twajua kwamba baadhi yenu mkisikia maneno hayo mtafikiri kuwa ni kazi ya wasomi wa mjini. Kwa hiyo yafaa tuanze na habari yetu wenyewe, ingawa si habari ya kujisifu.

Mtakumbuka kwamba katika mwaka wa tatu wa Chama hiki kahawa ilianza kupungua mizanini, hali mibuni ilizaa vizuri. Sababu ilijulikana na kila mtu. Baadhi ya wanachama walikuwa wakiuza kahawa ingali maua mtini, kwa walanguzi waliopita vijijini na fedha mkononi. Wenzetu wa Kagera huiita biashara hiyo butura, na huko kusini wakulima wa korosho wanaijua kangomba. Majina ni mbalimbali, lakini hasara ni ile ile: mkulima hupokea fedha kidogo leo, na siku ya mavuno kahawa si yake tena.

Chama kilifanya nini? Mkutano Mkuu ulikaa, ukakasirika, ukapitisha azimio kwamba mwanachama yeyote atakayepatikana na kosa hilo afutwe katika daftari mara moja. Sisi tunaosema hapa tuliinua mikono pamoja na wengine, tukapiga makofi. Majina yakafutwa na kadi zikachukuliwa. Msimu uliofuata kahawa ilipungua zaidi, kwa kuwa waliofutwa hawakuwa na mahali pa kuuza ila kwa mlanguzi yule yule, na jirani zao walijifunza kuuza kwa siri. Ndipo mzee mmoja aliposimama katika mkutano akauliza kama yupo mtu aliyekwenda kuzungumza na waliofutwa ili kujua sababu. Hakuna aliyejibu.

Kamati ya Elimu ikapewa kazi hiyo. Tulikwenda nyumba kwa nyumba pamoja na walimu wawili wa shule. Tulipatana tangu mwanzo kwamba hatutaandika jina la mtu, kwamba jibu la mtu halitapelekwa kwenye Bodi kuwa mashtaka, na kwamba akina mama wataulizwa na akina mama wenzao, shambani au jikoni, si mbele ya waume zao. Siku za kwanza watu walitujibu yale waliyodhani kuwa tunapenda kuyasikia. Tuliporudi mara ya pili na ya tatu, bila karani na bila askari, walianza kusema.

Tulisikia mambo matatu. La kwanza lilikuwa miezi ya shida. Mwezi wa Januari watoto wanahitaji sare na madaftari. Februari na Machi chakula kimekwisha na mahindi mapya bado. Na mtu akiugua nyumbani hawezi kungoja mavuno. La pili lilikuwa letu wenyewe. Malipo ya pili ya Chama yalikuwa yakichelewa, na hakuna kiongozi aliyekwenda kuwaeleza watu sababu. Mlanguzi aliwapunja, lakini alikuja siku aliyoahidi. La tatu ndilo lililotuumiza zaidi. Mke hupalilia, huchuma, huanika, hubeba mpaka mizanini, lakini jina lililoandikwa katika daftari ni la mume peke yake. Mama mmoja alitueleza kwamba kila mwaka huuza debe moja kwa siri kabla ya mavuno, kwa sababu hiyo ndiyo kahawa pekee ambayo yeye huiona fedha yake.

Ndugu wanachama, kazi tuliyoifanya pasipo kujua jina lake inao watu wanaoifanya maisha yao yote. Mwanahistoria husoma barua na madaftari ya zamani. Mwanauchumi hufuata bei na mapato. Mtaalamu wa sheria hutazama kanuni na jinsi zinavyofuatwa. Mwanaanthropolojia huenda akakaa na watu miezi mingi, akajifunza lugha na desturi zao. Kila mmoja huona upande mmoja, na mara nyingi kosa la mmoja husahihishwa na mwenzake.

Tutoe mfano. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Marekani, aliandika kwamba malisho ya watu wote hayana budi kuharibika, kwa kuwa kila mfugaji atazidi kuongeza ng'ombe wake. Kwa maoni yake, dawa ilikuwa ama serikali iyatawale, ama yagawanywe yawe mali ya mtu mmoja mmoja. Maneno hayo yalienea sana ulimwenguni. Lakini katika kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, watu walikuwa wametumia malisho ya pamoja kwa mamia ya miaka bila ya kuyaharibu. Robert Netting, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikwenda kukaa nao, akasoma pia vitabu vya kanisa vya kuzaliwa, ndoa na vifo. Kanuni yao moja iliandikwa mwaka 1517: mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha nyumbani wakati wa baridi. Kila jirani aliweza kuihakikisha kanuni hiyo kwa kuhesabu ng'ombe tu.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa elimu ya siasa, naye wa Marekani, alikusanya habari kama hizo kutoka Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino, akazitoa katika kitabu mwaka 1990. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi pamoja na Oliver Williamson, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Aliona kwamba vikundi vilivyodumu vilifanana katika mambo fulani. Wanaotawaliwa na kanuni wana sauti ya kuibadili. Wasimamizi hujibu mbele ya wanachama. Mtu akikosa, adhabu huanza ndogo, huongezeka akirudia. Na watu wakigombana, pana mahali pa karibu pa kupatanishwa pasipo gharama kubwa.

Katika mji wa Valencia, nchini Hispania, wakulima waliochaguliwa na wenzao hukaa kila Alhamisi mlangoni mwa kanisa kuu, wakaamua kesi za maji ya mashamba kwa mdomo. Huko Nepal, Ostrom na wenzake waliona kwamba mifereji iliyosimamiwa na wakulima wenyewe mara nyingi ilifikisha maji kwenye mashamba ya mwisho vizuri zaidi kuliko ile iliyosimamiwa na idara za serikali. Habari hiyo isitushangaze, kwa maana Wachagga wa Kilimanjaro wamechimba mifongo tangu zamani, wakagawana maji kwa zamu na kuisafisha pamoja.

Sasa, ndugu zetu, lipimeni azimio letu kwa mizani hiyo. Sisi tulianza na adhabu kubwa kuliko zote. Hatukuonya, hatukutoza faini, hatukusikiliza. Na nusu ya watu wanaoilima kahawa yenyewe, yaani akina mama, hawakuwa na kura katika mkutano ule.

Nchini mwetu pia jambo hili lilikwisha kusemwa. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni wanachama wasioelewa mambo ya chama chao, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, upungufu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na siasa. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Wazee waliopo hapa waliyaona yote mawili. Ugonjwa uliotajwa mwaka 1966 ulikuwa mwanachama kukosa elimu na sauti, na kukivunja chama hakukumwongezea sauti hiyo. Basi tusidhani kwamba uchunguzi ukiisha kuandikwa kazi imekwisha. Hauna faida usiposomwa na wale unaowahusu.

Baada ya Kamati kuleta taarifa yake, Bodi ilikubali mambo manne. Umeanzishwa mfuko wa akiba na mikopo midogo kwa ajili ya miezi ya Januari hadi Machi. Tarehe ya malipo ya pili hubandikwa mlangoni mwa kila ghala, na yakichelewa sababu hutangazwa mkutanoni. Mwenye kosa huonywa kwanza, kisha hutozwa faini, na akizidi husimamishwa kwa muda. Tena mke anaweza kuandikishwa kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Hatusemi kwamba walanguzi wamekwisha, kwa maana tunawaona bado njiani. Lakini kahawa imeanza kurudi mizanini, na makarani wenu ni mashahidi.

Limebaki deni moja. Wale tuliowafuta katika mwaka wa tatu hawajarudishwa hata leo. Baadhi yao wamekuja katika sherehe hii, nao wamesimama nyuma ya wengine, kwa sababu kadi zao tulizichukua. Kesho, katika Mkutano Mkuu, Kamati italeta azimio kwamba waitwe, waombwe radhi, na waandikwe upya pasipo kiingilio. Tunawasihi mliunge mkono.

Kuna na azimio la pili, nalo ni la wale wanaotaka watafiti wafungiwe mlango. Twaelewa hasira yao. Miaka iliyopita alikuja mtu na karatasi zake, akawaweka wakulima kutwa nzima katika siku za kuchuma, akaenda zake, wala hatukupata kusikia aliandika nini. Jambo hilo halikuwa la adabu. Hata hivyo, tukifunga mlango tutajinyima dawa ambayo imekwisha kutufaa. Kwa hiyo tunapendekeza masharti badala ya kufuli. Mtafiti aombe ruhusa na aeleze kazi yake kwa lugha inayoeleweka. Mwanachama awe huru kukataa. Asitosheke na jibu la mume juu ya kazi ya mke. Na akimaliza, arudishe majibu kwa Kiswahili, yasomwe katika mkutano wa chama cha msingi, ili aliyekosewa apate kusahihisha.

Nasi tuna wajibu wetu. Makatibu waandike kumbukumbu za mikutano kikamilifu, pamoja na maneno ya walioshindwa katika kura, na madaftari yatunzwe mbali na mchwa na mvua. Kama watu wa Törbel wasingeandika, nani angejua leo waliyopatana mwaka 1517? Tena tuwahimize vijana wetu waisome kazi hii. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Itakuwa heshima kwetu mtafiti wa kesho akiwa mtoto wa mkulima, ambaye anaijua kahawa kwa mikono yake kabla ya kuiandika.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Chama hiki kilipata hasara kwa sababu viongozi wake, nasi tukiwamo, tuliona haya kuuliza. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe miaka 10 mingine yenye mavuno mema na masikio mepesi.