Muda Katika Hati: Kusoma Nyaraka za Lord Delamere



Tuanze na mkataba mmoja wa kukodi ardhi. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, eka 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, yaani haifiki hata nusu peni kwa eka, na alitakiwa kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya mwanzo. Miaka sita kabla ya hapo alikuwa mwindaji tu, aliyeingia nyanda za juu za Kenya akitokea Somalia.

Maisha yake wengi tumeyasoma kwa Elspeth Huxley, katika kitabu chake cha 1935, White Man's Country, ambamo Delamere ndiye anayeifungua nchi. Mimi naona ni heri tuanzie kwenye hesabu za shamba, kwa sababu humo hasara haipambwi. Mwaka 1904 aliagiza kondoo jike 500 wa merino kutoka New Zealand. Baada ya muda mfupi wanne katika kila watano walikuwa wamekufa. Ng'ombe wa kigeni nao wakaanguka kwa magonjwa. Akageukia ngano, ikaliwa na kutu, naye akagharimia maabara kutafuta mbegu itakayostahimili. Fedha zilitoka katika mali ya ukoo wake huko Cheshire, aliyoiweka rehani, kisha benki. Alipofariki Novemba 1931 aliacha madeni makubwa mno.

Nakiri kwamba ukaidi wake katika ngano ulilifaa taifa zima. Lakini tujiulize: mtu anayepoteza mifugo hivyo aliwezaje kukopeshwa tena na tena? Jibu ni hati. Mwenye hati ana dhamana ya kupeleka benki. Mfugaji wa Kimaasai aliyepoteza ng'ombe kwa maradhi yaleyale hakuwa na karatasi ya kuonyesha, ingawa malisho yalikuwa ya babu zake.

Au tuseme alikuwa nayo, ila ya namna nyingine. Mwaka 1904, mwaka mmoja tu baada ya mkataba wa Njoro, viongozi wa Wamaasai walikubaliana na serikali kuhama Bonde la Ufa. Baadhi walikwenda Laikipia, kwa ahadi kwamba ardhi ile itakuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Mwaka 1911 yakatiwa saini makubaliano mapya ya kuwahamisha tena, kwenda kusini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa, kwa hoja kwamba makubaliano yale yalikuwa mapatano na taifa la kigeni, hivyo mahakama ya nchini haikuweza kuyasikiliza. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi ikawaruhusu walowezi kupangishwa kwa miaka 999.

Ndiyo maana nasisitiza muda. Ahadi ya milele ilidumu miaka saba, huku 99 ikigeuka 999. Hakuna jalada moja litakaloonyesha hili lote. Anayesoma nyaraka za Delamere peke yake atakutana na mtu jasiri, mdaiwa, mpenda mifugo, aliyejua Kimaasai na kuwaajiri Wamaasai kuwa wachungaji wake. Hatakutana na swali la nani aliondolewa. Hata shamba lake la baadaye kando ya ziwa Elmenteita, Soysambu, lina jina la Kimaasai.

Kwa hiyo, tutakapogawanyika katika vikundi mchana, naomba kila kikundi kiweke mezani mkataba wa 1903, makubaliano ya 1904 na 1911, na hukumu ya 1913. Pigeni mstari chini ya kila neno linalotaja muda, kisha pembeni muandike ni nani aliyeahidiwa na ni nani aliyepewa. Walimu walioko hapa wanaweza kulifanya zoezi hili na wanafunzi wao wa sekondari, hasa wale wa Nakuru, Narok na Laikipia, ambao wanaishi juu ya ardhi inayotajwa humo.