Maumivu ya Kifua kwa Watoto
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Luanda Kotieno)



Mtoto akishika kifua na kulia, mara nyumba nzima husema ni kichomi, au ni moyo, au kuna mkono wa mtu. Twaomba kwamba kabla ya maneno hayo, mtoto aulizwe na atazamwe.

Aulizwe maumivu yalianza lini, yako wapi hasa, na alikuwa akifanya nini. Aliyeshinda akivuta wavu au kubeba karai za omena, na ambaye huumia pale pale mbavu zikibonyezwa, mara nyingi ni nyama za mwili zilizochoka, apumzike. Moyo si sababu ya kawaida kwa watoto. Lakini anayeumwa au kuzirai akikimbia apelekwe kwa daktari.

Kisha tuhesabu pumzi zake dakika nzima, akiwa ametulia. Anayekohoa, naye akafikisha pumzi 50 akiwa na miezi 2 hadi 11, au 40 akiwa na mwaka 1 hadi 5, tudhanie homa ya mapafu, apelekwe zahanati. Chini ya mbavu pakibonyea ndani kila avutapo pumzi, asingoje asubuhi. Kuchanja kifua kwa wembe hakuponyi, bali hupoteza saa.

Liko jambo lituhusulo hasa sisi watu wa ziwa. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za watu wa Kenya, akaona kuwa karibu na ziwa hili na pwani, alama ya selimundu ilizidi watu 20 katika 100, ilhali nyanda za juu haikufika hata 1. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida huwa mzima, tena hukingika kwa kiasi na malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili huugua: chembe za damu yake hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa. Mtoto huyo akiumwa kifua, huku ana homa au anahema, yu katika hatari ya mauti. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Nyumba ambayo watoto huumwa mifupa mara kwa mara ipimwe damu, wala asilaumiwe mke wala jirani.

Wazee wetu, ruhusa ya kumtoa mtoto usiku, pamoja na nauli, mara nyingi hungoja neno lenu. Twawasihi mlitoe leo: mama akiziona dalili hizi aondoke kwanza, habari itawafuata.