Utunzaji wa Ndara na Sapatu za Nyumbani

(Maneno ya hotuba iliyosomwa barazani mbele ya machifu, walimu na wenyeji.)



Labda wengine wenu mmestaajabu mliposikia ya kwamba mazungumzo ya leo ni juu ya ndara. Kiatu cha safari au cha ofisini kila mtu hukipaka rangi na kukifuta vumbi. Bali ndara ya nyumbani hutupwa mlangoni pamoja na tope lake, ikalowa mvua, ikakauka kwa jua, na asubuhi mwenyewe huitia mguuni bila hata kuitazama. Nami nasema ya kuwa kiatu hiki kidogo ndicho kikaacho na mguu saa nyingi kupita viatu vingine, na uchafu wake huingia chumbani na kupanda mkekani, pale pale atambaapo mtoto.

Yafaa kwanza tukumbuke kwa nini twavaa ndara. Mguu mtupu una adui wawili katika nchi zetu. Wa kwanza ni mnyoo wa safura. Mtu aliye naye akienda haja kichakani, mayai hutoka pamoja na choo. Katika udongo wa kivuli wenye unyevu huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya juma moja hivi vijidudu vile, visivyoonekana kwa macho, vyaweza kuitoboa ngozi ya mguu. Husafiri katika damu mpaka mapafuni, kisha hufika matumboni, hukaa humo vikikua na kunyonya damu. Mtoto aliyeshikwa hivyo husinzia darasani, na ndani ya kope zake huwa peupe. Walimu, tafadhalini, kabla ya kumwita mtoto mzembe mtazameni kope.

Adui wa pili ni funza, ambaye wengine humwita tekenya. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika, na mwaka 1872 alishuka katika pwani ya Angola kutoka katika meli iliyotoka Brazil. Kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha fika pwani ya mashariki. Fikirini basi, mdudu asiyeweza kuruka ila kidogo tu amelivuka bara zima katika muda usiotimia miaka 30, akichukuliwa na nyayo za wapagazi na wasafiri. Sisemi ya kwamba ndara iliyo wazi humzuia kabisa. Kiatu kinachofunika vidole ni bora, na sakafu iliyofagiwa na kunyunyizwa maji ni bora zaidi. Lakini ndara ni afadhali kuliko mguu mtupu, madhali ni safi. Ndara iliyojaa tope la maji haitofautiani sana na kulikanyaga tope lenyewe.

Tena kuna fangasi, maradhi ya kuwasha na kubambuka ngozi katikati ya vidole. Huyu hupenda mahali penye jasho na unyevu, na huhama kutoka mguu hata mguu kwa ndara ya kuazimana. Wazee wa pwani walikuwa na mitalawanda, yaani viatu vya mti, kwa ajili ya chooni na bafuni, wala hawakuingia nayo chumbani. Desturi ile ilikuwa na akili ndani yake. Leo ndara za mpira zaweza kufanya kazi hiyo hiyo, nazo zikae huko huko.

Sasa nije kwenye usafishaji wenyewe. Ndara za mpira hazina taabu. Zisuguliwe kwa maji, sabuni na burashi, hasa katika tundu za kanda, maana ndipo tope hujificha. Kisha zisimamishwe ukutani zichuruzike maji, kivulini. Jua kali hukakamaza mpira, na zile ndara nyepesi za siku hizi hujikunja na kupungua hata zisimwenee mwenyewe. Zisiguswe na mafuta ya taa wala petroli, maana mpira huvimba na kulegea. Ndara zilizokatwa katika magurudumu ya motokaa ni imara sana, lakini mzipapase ndani kwa vidole, kwa kuwa misumari yake huchomoza polepole. Sapatu za kitambaa huoshwa kwa maji ya vuguvugu, zikakamuliwa bila kusokotwa. Zikauke kabisa kabla ya kuvaliwa.

Ngozi ndiyo yenye kutaka uangalifu. Mnajua ya kuwa ngozi huiva kwa maji ya magome: pwani ni magome ya mikoko, ambayo zamani yalipakiwa kwa wingi kutoka Lamu na Rufiji, na bara ni magome ya miwati. Magome huizuia ngozi isioze, na mafuta huilainisha. Basi makubadhi yakilowa, kisha yakawekwa karibu na moto, maji hutoka kwa haraka, nyuzi za ngozi hushikamana, na kanda hupasuka pale pale inapokunjika. Kwa hiyo usiyatie majini. Kung'uta vumbi, futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo na sabuni, futa tena kwa maji safi, uyaache kivulini penye upepo hata siku mbili. Alama nyeupe za chumvi ya jasho hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Yakiisha kukauka, paka matone machache ya mafuta ya mbarika. Nasema machache! Wako watu humimina mafuta kama wapikao maandazi, ngozi ikalegea na vumbi likaganda juu yake. Na yakiota kuvu wakati wa masika, yafutie nje ya nyumba, si chumbani.

Kuna jambo moja ambalo ndilo hasa limenifanya nichague khabari hii. Wamo vijijini mwetu watu ambao miguu yao imekufa ganzi, wengine kwa ukoma, na wengi zaidi siku hizi kwa ugonjwa wa sukari. Zamani watu walidhani ya kuwa ukoma wenyewe hula vidole. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore katika India mwaka 1946, alionyesha ya kuwa madhara mengi yale hutokana na majeraha ambayo mgonjwa hayasikii. Kwa mtu wa namna hiyo, chembe ya mchanga ndani ya sapatu si jambo dogo. Hutembea juu yake kutwa nzima bila maumivu. Jioni ni lengelenge, baada ya juma ni kidonda, na kidonda kikioza huenda mguu ukakatwa.

Basi aliye na mzazi mwenye ganzi, amkung'utie ndara kila asubuhi, na kutia mkono ndani kutafuta mchanga, msumari au mshono uliokatika. (Na nge hupenda kulala humo, basi kung'uteni kwanza.) Ndara yenye kanda ya kupita katikati ya vidole haimfai, atafutiwe yenye kanda pana na kishikio cha kisigino, isiyombana. Asitembee mguu mtupu hata ndani ya nyumba. Na usiku, nyayo zake zitazamwe kwa taa. Machifu, mkiwajua wazee wanaokaa peke yao, yapasa achaguliwe kijana wa jirani kwa kazi hiyo; haitachukua nusu saa.

Kanda iliyokatika yaweza kushonwa mara mbili tatu, lakini soli iliyoliwa upande mmoja humpinda mtu mguu, nayo haistahili kutengenezwa. Nimekuja na sindano, uzi uliopakwa nta, na jozi mbili za makubadhi mabovu. Walimu wanaotaka kuona mshono wenyewe, ili wawaonyeshe wanafunzi, na wasogee hapa mbele.