Timu Ishindwapo, Nani Aulizwe?

Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, na ndugu wanachama mliokuja kutoka Matuga, Tiwi, Diani, Ukunda, Kinondo na Msambweni:

Kamati imenitaka niseme machache juu ya timu ya mpira ya vijana wetu, ambayo msimu uliopita imeshuka daraja. Mbele ya mkutano huu kuna hoja mbili. Ya kwanza yasema ya kwamba chama kisitoe tena fedha kwa ajili ya mpira. Ya pili yasema ya kwamba kamati yote ya timu iondolewe leo hii kabla ya watu kwenda zao. Sikusimama kumtetea mtu wala kumshitaki mtu. Naomba tu ya kwamba kabla ya kukata shauri tujue barabara ni kosa gani tunalolihukumu.

Tangu mchezo wa mwisho, hakuna baraza la kahawa wala kivuli cha mwembe ambako jambo hili halikusemwa. Ukiyasikiliza maneno ya watu utaona yamegawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza lasema vijana ni wavivu, hawana juhudi. Fungu la pili lasema viongozi wameila timu. Fungu la tatu lasema timu imefungwa na watu wabaya, basi zitafutwe fedha aitwe mtaalamu. Nitayapitia yote matatu, kwa maana kila fungu lina watu wazima wenye akili zao, na haifai kuyatupa maneno yao bila kuyapima.

Nianze na hili la juhudi. Wachezaji wetu ni akina nani? Wengine ni wavuvi wa Msambweni, Gazi na Mwaepe. Wengine hufanya kazi katika hoteli za Diani, wengine ni waendesha bodaboda, na wengine bado wamo shuleni. Sasa tazameni kalenda. Miezi mingi ya ligi huangukia wakati wa kaskazi, tangu Novemba hata Machi. Wakati huo ndio bahari hutulia na mvuvi hupata riziki yake, na ndio wakati wageni hujaa hotelini na kijana huitwa kazini asubuhi na usiku. Kusi ikivuma, bahari ikichafuka na hoteli zikapunguza watu, kijana hana kazi, ana nafasi ya kutosha ya kufanya mazoezi. Lakini ligi inakaribia kwisha au imekwisha. Basi yule mnayemwona amechoka katika dakika ya sabini, huenda alikesha juu ya maji usiku kucha akivuta nyavu, akala chai kavu, kisha akaja kuwachezea ninyi saa kumi za jioni. Mtu huyo haifai kuitwa mvivu. Ana waajiri wawili, na mmoja wao halipi.

Sisemi ya kwamba wote ni watakatifu. Wako wasiofika mazoezini kwa uzembe tu, na wako waliosifiwa mno mapema, nasi twaujua mwisho wa mgema aliyesifiwa. Lakini hatuwezi kuwatenga wavivu na waliochoka mpaka kuwe na daftari la mazoezi, lenye jina la kila mchezaji na siku aliyofika. Daftari hilo halipo. Pasipo daftari, kila mtu huhukumu kwa macho, na macho ya mpenzi wa timu iliyofungwa hayaoni sawasawa.

La pili ni matokeo. Hapa nataka tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kushindwa uwanjani ni jambo moja. Kushindwa kufika uwanjani ni jambo jingine. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na timu iliyofungwa na timu bora kuliko yake haina aibu. Lakini timu isiyofika hupoteza alama zake bila ya kuugusa mpira, na kanuni haiulizi kama nauli ilikosekana au basi liliharibika. Msimu uliopita sisi tumepoteza kwa njia zote mbili. Alama zile tulizozipoteza kwa kutofika, hakuna mlinda mlango ambaye angeweza kuziokoa. Hilo si kosa la miguu, ni kosa la fedha na mpango.

Safari zetu ni za taabu, hilo nakubali. Kwa miaka mingi timu ya kusini ikitaka kucheza Mombasa au kwenda bara ilikuwa haina budi kungoja kivuko cha Likoni, na ikichelewa pale imechelewa kote. Lakini barabara ya Dongo Kundu ilikamilika mwaka 2024, na sasa gari laweza kutoka kwetu likatokea Miritini bila ya kukanyaga feri. Udhuru wa kivuko umepungua. Udhuru uliobaki ni ule wa mfuko.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la tatu, ambalo ni uongozi.

Wazee mliohudhuria hapa mwaikumbuka Feisal ya Mombasa. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963. Mwaka ule ilichukuliwa na Nakuru All-Stars. Mwaka 1964 ikachukuliwa na Luo Union. Na mwaka 1965 ikateremka pwani kwa Feisal. Tangu hapo hata msimu uliokwisha mwaka 2025, miaka sitini kamili, hapana timu nyingine ya pwani iliyoichukua. Bandari ilikaribia, ikawa ya pili mwaka 2018 na tena msimu wa 2018–19, na ikatwaa Kombe la Ngao mwaka 2015 na 2019. Feisal yenyewe leo haimo katika ligi kuu. Vijana wa leo hulijua jina lake kwa kuhadithiwa tu.

Kwa hiyo wale ndugu wa fungu la tatu nawajibu kwa adabu. Ikiwa dawa ndiyo ifungayo magoli, mbona pwani hatukuchukua ligi tangu 1965, na waganga hatukuwakosa hata siku moja? Fedha inayopewa ile iitwayo kwa heshima kamati ya ufundi haina risiti, wala haiwezi kukaguliwa. Mwenye imani yake na abaki nayo, lakini mfuko wa chama usiingie huko.

Sasa tuwatazame wenzetu waliodumu. Mwaka 1964 timu kadhaa za Waluhya ziliungana zikawa Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards. Mwaka 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana ikazaliwa Gor Mahia, na mwaka ule ule ikachukua ligi; mwaka 1987 ikachukua Kombe la Mandela la Afrika. Timu hizi zilitoka katika nyumba za vyama vya msaada kama hiki chetu. Serikali ilipoamuru mwaka 1980 vyama vya kikabila vivunjwe, vyama vilikwisha, lakini timu hazikufa, kwa sababu palikuwa na watu wengi walioziita zao na waliolipa mlangoni, ziliposhinda na ziliposhindwa. Nazo zimekuwa na ugomvi mwingi wa viongozi, hilo si siri. Lakini ugomvi wa watu wenye mali yao haufanani na ugomvi wa watu wasio na kitu cha kugombea.

Tuwatazame pia waliokufa. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilichukua ligi mwaka 2001 na 2002. Utalii iliichukua mwaka 1997. Leo hazimo ligini. Timu ya mfadhili huishi maadamu mfadhili anapenda. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa iliacha kufadhili michezo nchini, na klabu kubwa kama Gor Mahia na Leopards zikajikuta hazina mishahara. Nasi hapa Kwale tumekwisha kujifunza. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na machimbo ya Base Titanium yalimaliza kazi yake Desemba 2024. Atakayetujia na fedha tutampokea kwa mikono miwili. Lakini nyumba isijengwe juu ya nguzo ya jirani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Vukeni mpaka wa Lunga Lunga mwende Tanga kwa ndugu zetu. Coastal Union iliundwa mwaka 1948, na mwaka 1988 ikawa bingwa wa Tanzania Bara. Mwaka 2016 ilishuka daraja, na timu nyingine mbili za Tanga, African Sports na Mgambo, zikashuka pamoja nayo. Mji mzima ukabaki bila timu katika ligi kuu. Je, watu wa Tanga waliivunja Coastal? Hawakuivunja. Ilirudi ligi kuu mwaka 2018, na msimu wa 2023–24 ikamaliza ya nne, ikapata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika. Kushuka daraja basi si mauti. Hufa timu ambayo ikishuka haina mtu wa kusema, "Hii ni yangu."

Na msidhani ya kwamba uongozi mbaya ni ugonjwa wa vijijini tu. Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho la mpira la Kenya kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha, na Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi yetu mpaka Novemba mwaka ule ule. Timu ya taifa ikakosa kuwania nafasi ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Na nyasi zenyewe walikuwa vijana waliokuwa katika ubora wa umri wao. Hesabu zisizoaminika zilileta ugomvi, na ugomvi ukazuia mpira kuchezwa.

Basi je, viongozi wetu wameila timu? Jibu langu kama karani ni hili: hesabu haijaandikwa vya kutosha kuwatia hatiani, wala haijaandikwa vya kutosha kuwasafisha. Mwizi huifurahia hali hiyo, lakini mtu mwaminifu humwumiza zaidi, maana hana karatasi ya kumtetea. Tukiwaondoa leo tukaweka wengine bila kubadili utaratibu, mwaka ujao tutakuwa chini ya paa hili hili tukisema maneno haya haya juu ya watu wengine.

Lakini naomba tujiulize na sisi pia. Tuliokuwa tukipiga kelele kando ya uwanja wa Showground pale Ukunda, wangapi wetu tuna risiti ya ada ya timu? Asiyetoa chochote ana haki ya kushangilia na ya kusikitika. Haki ya kuuliza hesabu hununuliwa, na bei yake si kubwa. Tukipata watu 200, kila mmoja akatoa shilingi 50 kwa mwezi, hizo ni shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka. Hazitununulii wachezaji kutoka Nairobi. Lakini zitalipa nauli na chakula cha safari nyingi, na timu ikifika kila mahali ikiwa imekula, tutajua ukweli wa miguu yake.

Kwa hiyo naleta mbele yenu pendekezo la kuwekwa mahali pa hoja zile mbili.

Kwanza, ifunguliwe orodha ya wanachama wa timu, mbali na orodha ya chama hiki. Kila atoaye ada apewe risiti, na mwenye risiti tu ndiye apige kura ya kuchagua kamati ya timu, baada ya miezi mitatu tangu leo. Kamati ya sasa ikitaka kusimama tena, na isimame mbele ya wapiga kura hao.

Pili, yawekwe madaftari matatu: la fedha, la mazoezi, na la michezo. Fedha zitolewe kwa sahihi mbili, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu.

Tatu, chama chetu kiendelee kusaidia, lakini shilingi kwa shilingi: kile ambacho wanachama wa timu wamekusanya wenyewe, chama kitie kiasi kama hicho na si zaidi. Wasipokusanya kitu, chama kisitoe kitu, na hapo timu itakuwa imejifunga yenyewe bila ya sisi kuinyonga.

Nne, kuchagua wachezaji iwe kazi ya mwalimu wa timu peke yake. Mjumbe asimwingize mpwa wake, wala mfadhili asimtoe mtoto wa mwenzake.

Tano, wazee watatu wachaguliwe wawe wasuluhishi. Penye wazee haliharibiki neno. Kijana mwenye manung'uniko na aende kwao kabla hajakwenda barazani.

Ndugu wanachama, timu hii ikivunjwa, vijana hawatakosa pa kukaa. Mahali pa kukaa pasipo mpira papo pengi katika ufuo wetu, na kila mzazi aliyemo humu ayajua yanayowapata watoto huko. Shilingi tutakazoziokoa kwa kuivunja timu huenda tukazitumia mara kumi kwa mambo ya kusikitisha zaidi. Hilo mlipime mnapoinua mikono.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo, Bwana Mwenyekiti. Uamuzi ni wa mkutano.